Simba Aliyelala Mbele ya Mtangulizi

Nchi ya Mbelembele ukiitafuta kwenye ramani huioni, kwa sababu waliotumwa kuichora walikatazwa kurudi walikoanzia, na mpaka wake haujafungana hadi leo. Lakini watu wapo. Wanalima, wanaoana, wanalipa kodi, na juu yao yupo kiongozi aitwaye Mtangulizi Mtukufu. Katiba yao ni fupi, inasomeka mtu akiwa amesimama. Inasema kwamba aliye mbele ya wote ndiye Mtangulizi, na kwamba taifa halirudi nyuma. Mengine yote yameachiwa Ofisi ya Itifaki.

Mkuu wa ofisi hiyo alikuwa Bi Salha Mkumbukwa, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kunyoosha watu migongo. Yeye ndiye aliyepanga nani akae wapi, nani aanze kupiga makofi, na nani acheke baada ya nani. Siku moja msafara ulipopitiliza njia ya uwanja wa ndege, dereva akataka kupiga rivasi, Bi Salha alimshika mkono.

"Taifa halirudi nyuma," alimwambia.

Basi wakaendelea mbele. Wakaizunguka nchi nzima mpaka wakaufikia uwanja kwa upande wa pili, na magazeti yakaandika kwamba Mtangulizi amefanya ziara ya ghafla ya mikoa yote. Mgeni waliyekwenda kumpokea alikuwa keshajipokea mwenyewe, akala, akalala, akaondoka. Lakini itifaki haikuvunjwa, na Bi Salha alipewa nishani.

*

Sasa Bi Salha alikuwa na mchumba. Watu wa ofisini walipoambiwa walidhani ni cheo kipya.

Mchumba wake aliitwa Bwana Faki Tindwa, fundi wa vyerehani, mgane, mtu wa kucheka kabla hujamaliza utani. Walijuana siku cherehani cha kushonea bendera kilipokwama, naye akaitwa kukikwamua. Bi Salha mwenyewe alikuwa mjane wa miaka mingi, na alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kucheka bila kuangalia kwanza kama mkubwa wake amecheka. Akampenda kwa hilo.

Ndoa yao iliahirishwa mara ya kwanza kwa kuwa kulikuwa na mfalme anakuja. Ikaahirishwa mara ya pili kwa kuwa mfalme yuleyule alikuwa anaondoka. Faki akavumilia, kisha akamfuata Bi Salha ofisini na kofia yake mkononi.

"Bi Salha," alisema, "mimi sigombani na serikali, ina watu wengi. Lakini Ijumaa hii baada ya sala ya alasiri nitakaa kwenye mkeka nyumbani kwa kaka yako. Sheikh atakuja mlangoni kwako kukuuliza kama umeridhia. Sisi si vijana, wala wewe si mwari hata kimya chako kiwe jibu. Mlango ukinyamaza, nitafunga vyerehani vyangu nirudi kwetu."

"Mlango hautanyamaza," alisema Bi Salha.

Alhamisi akapakwa hina mikononi na miguuni, maua madogo yaliyopanda hadi kwenye viwiko. Hina haijakauka, ikaletwa amri: Mtangulizi Mtukufu amependezwa kufungua hifadhi ya Pita-Uone kesho asubuhi, na serikali yote itakuwepo.

Kuomba ruhusa hakuweza. Zamani kidogo aliwahi kuandika waraka kwamba likizo ni aina ya kurudi nyuma. Akapiga hesabu zake: utepe asubuhi, wanyama, hotuba, chakula cha mchana kwenye lango la kutokea, halafu nyumbani mbio. Akavaa glavu nyeupe juu ya hina yake, akalala hivyo hivyo.

*

Pita-Uone ilikuwa hifadhi ya kutazama wanyama ukiwa ndani ya gari. Kabla yake wanyama walikuwepo Mbelembele, ila, kama alivyoeleza Waziri wa Wanyama na Mwendo, Mheshimiwa Mbwembwe, walikuwa wanatembea ovyo bila mwelekeo wa kitaifa. Akawazungushia uzio, na katikati yao akapitisha barabara ya lami, nyeusi, laini, inayong'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Wanakijiji wa pembeni, ambao walikuwa wameomba barabara tangu enzi za babu zao, waliruhusiwa kuitazama kupitia kwenye wavu.

Barabara ilikuwa ya gari moja tu, na mitaro mirefu huku na huku, ili raia asipate kishawishi cha kugeuka. Langoni palikuwa na kibao cha masharti, kazi ya Bi Salha. Hakuna kushuka garini. Hakuna kumpigia mnyama honi. Hakuna kumpita Mtangulizi. Na kila kiumbe mwenye miguu atasimama Mtangulizi anapopita.

Utepe ulikatwa, msafara ukaingia. Mbele kabisa lilikwenda gari la Mtangulizi, yeye nyuma peke yake, dereva wake Ndaro na Bi Salha wakiwa viti vya mbele. Halafu Waziri Mbwembwe na kipaza sauti juu ya paa. Halafu mtangazaji wa redio, akirusha matangazo moja kwa moja. Halafu mawaziri kwa mpangilio wa ukubwa wa matumbo, maana ndivyo vyeo vilivyokuwa vimeangukia. Na mkiani kabisa, pikapu kuukuu ya Bwana Kingwaba, mlisha wanyama, aliyebeba mapande ya nyama ya simba.

Mambo yalianza vizuri. Twiga alisifiwa kwa kuwa alisimama tangu kabla msafara haujafika. Pundamilia walisimama kwa mistari. Kiboko alikuwa majini, pua tu nje, na baada ya majadiliano mafupi ya simu za upepo ikakubalika kwamba huenda amesimama huko chini. Nyani walisimama, wakapiga saluti, kisha wakang'oa wipa za Waziri wa Fedha.

"Wananchi hawa wana bidii," alisema Mtangulizi, akiwapungia.

Alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa mtoto aliyeshiba. Kwa miaka mingi hakuwahi kuona kisogo cha mtu, isipokuwa ndani ya gari lake.

Halafu Ndaro akafunga breki.

*

Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na lami ilikuwa na joto tamu. Simba alikuwa amelala juu yake kuanzia mtaro hadi mtaro, tumbo kwenye jua, miguu minne hewani.

Simba huyo aliitwa Balozi. Alikuwa zawadi ya nchi jirani, na aliletwa na hati zake zote, akaapishwa, akapewa kinga ya kibalozi. Kwa hiyo hakuweza kusukumwa, kuchomwa sindano ya usingizi, wala kuulizwa maswali. Honi ilikatazwa. Kushuka kulikatazwa. Kurudi nyuma kulikatazwa tangu nchi iundwe. Bi Salha alilipitia jambo lile kichwani, sharti moja baada ya jingine, akitafuta tundu, na kila alipofika alikuta ameshaliziba mwenyewe.

Waziri Mbwembwe akachukua kipaza sauti.

"Mheshimiwa Balozi," akaanza, "kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia uhusiano mwema na wa kihistoria baina ya nchi zetu mbili, na kwa kutambua mchango wa simba katika nembo mbalimbali za dunia, naomba nichukue fursa hii adhimu kukuomba uiangalie upya nafasi uliyojilaza."

Balozi akageukia ubavu mmoja.

"Ndugu wasikilizaji," alisema mtangazaji redioni, "simba sasa anamsikiliza Mheshimiwa Waziri kwa sikio la kushoto."

Sauti ya Kingwaba ikaja kutoka mkiani kwenye simu ya upepo. "Jamani, huyo akiona nyama ananyanyuka. Nipisheni nipite."

"Umpite nani?" aliuliza Waziri Mbwembwe.

"Basi," alisema Kingwaba, "nangoja."

Wakangoja. Jua likapanda. Mbele kule, baada ya simba, yalionekana mahema meupe ya chakula cha mchana, na upepo ulileta harufu ya kuku wa kupaka mpaka ndani ya magari. Nyani walikuja wakagundua kwamba mawaziri wana biskuti. Waziri wa Maji alibanwa na haja ndogo, akaomba kibali cha kushuka, akakumbushwa kwamba ni yeye aliyesimama bungeni kuunga mkono sharti la kutoshuka. Akatafutiwa chupa, na mtangazaji akaombwa apige muziki.

Adhana ya adhuhuri ilisikika kwa mbali. Bi Salha akainama, akavua glavu ili apate kubonyeza simu, akampigia Faki.

"Faki," alinong'ona, "tumekwama. Kuna simba."

"Nasikia redioni," alisema Faki. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake na sufuria. "Mtaa mzima unasikiliza. Huyo Balozi ni mtu wa maana, kalala anapopenda."

"Usicheke."

"Sicheki," alisema, na kweli hakuwa anacheka, na hilo lilimtisha Bi Salha kuliko simba. "Nimeshanyoa. Kanzu nimeshavaa. Alasiri nitakaa kwenye mkeka, kama nilivyosema. Ya tatu siahirishi, Salha. Si kwa hasira. Ila mtu akiahirishwa sana anaanza kujiona kama kikao."

Simu ikakatika.

*

"Hanyanyuki," alisema Mtangulizi kutoka kiti cha nyuma, kwa mshangao wa mtu anayeona theluji kwa mara ya kwanza. "Ndaro, umemwona? Ameniangalia, halafu akalala zaidi."

"Nimemwona, Mtukufu."

"Sijawahi kukutana na jambo kama hili." Akasogea mbele, akaegemeza kidevu kwenye mgongo wa kiti cha Bi Salha, akamtazama simba kwa muda. Halafu macho yake yakaangukia mikono iliyokuwa haina glavu. "Bi Salha, hiyo ni hina?"

"Ndiyo, Mtukufu."

"Nani anaolewa?"

"Mimi, Mtukufu. Leo, baada ya alasiri."

Mtangulizi akafikiri. "Mbona sikualikwa?"

"Ulialikwa. Ofisi ya Itifaki ikajibu kwamba huna nafasi."

"Ofisi ya Itifaki ni ya nani?"

"Ni yangu."

Ndaro akakohoa, akaangalia mtaroni. Mtangulizi akaangua kicheko, akacheka mpaka gari likatikisika, na Balozi akafungua jicho moja. Msafara mzima, uliposikia kwenye simu za upepo kwamba Mtangulizi anacheka, ulicheka pia kwa mpangilio wa vyeo, mpaka kicheko kikamfikia Kingwaba, ambaye alikataa kwa kuwa hakujua cha kuchekea.

"Haya," alisema Mtangulizi, akijifuta macho, "mimi napenda pilau ya harusi. Sijala pilau ya harusi tangu nilipokuwa mtu wa kawaida. Tafuta njia, Bi Salha. Maneno yote ya nchi hii ni yako."

Bi Salha akamtazama simba, akatazama saa kwenye dashibodi. Kwenda nyuma kulikatazwa. Lakini hakuna mahali palipoandikwa nyuma ni wapi. Jambo hilo lilimjia ghafla, jepesi, akahisi kizunguzungu kama mtoto anayezungushwa. Wangeweza kutoka wakati huo huo. Kilichohitajika ni tangazo.

Halafu akaliona la pili. Yeye alikuwa mtu wa itifaki, na mtu wa itifaki huona msafara hata akifumba macho. Nyuma ikiitwa mbele, pikapu ya nyama itakuwa mbele ya wote. Na aliye mbele ya wote katiba imeshasema ni nani.

Akageuka kidogo. Mtangulizi alikuwa amejishika tumbo kwa njaa, anamtabasamia.

"Umepata?" aliuliza.

"Nimepata, Mtukufu."

"Kuna tatizo lolote la kiitifaki?"

Bi Salha alimwona moyoni Faki kwenye mkeka, na sheikh anaondoka mlangoni, na vyerehani vinapakiwa. "Hakuna," alisema, "ambalo halitajulikana lenyewe baadaye."

Akachukua simu ya upepo, akamwamuru mtangazaji amuunganishe na redio, na kwa ile sauti yake ya kunyoosha migongo akalitangazia taifa: "Kuanzia sasa, upande wa nchi yetu uliokuwa ukiitwa nyuma utaitwa mbele, na uliokuwa ukiitwa mbele utaitwa nyuma. Wananchi wote wanatakiwa kuendelea na maendeleo katika upande unaohusika."

Akamgeukia dereva. "Ndaro, twende mbele."

Ndaro akapiga rivasi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Gari likatii.

*

Mwanzoni msafara ulishangilia tu. Magari yote yalikwenda kinyumenyume kwenye lami, yakiyumba, mawaziri wamegeuza shingo kama bundi. Balozi aliketi, akaangalia, na yalipofika mbali akasimama kwa miguu yake minne, akajinyoosha vizuri sana.

"Kasimama," alisema Mtangulizi, akimpungia kupitia kioo. "Ndaro, umeona? Kasimama."

Kisha mtangazaji akasema, "Ndugu wasikilizaji, msafara unaendelea mbele kwa kasi. Anayeongoza, yaani aliye mbele kabisa ya taifa kwa sasa..." Ukasikika mlio wa karatasi, nadhani katiba. "Aliye mbele kabisa ni Bwana Kingwaba."

Aliyewahi kupata sauti alikuwa Waziri Mbwembwe.

"Mheshimiwa Kingwaba," alisema, "kwa heshima na taadhima, sisi tulio nyuma yako, ambao siku zote moyoni tulikuwa nyuma yako..."

"Nani? Mimi?" iliuliza sauti ya Kingwaba. "Mimi nimebeba nyama."

"Nyama ni sera nzuri sana, Mtukufu."

"Waziri Mbwembwe anazungumza na nani?" aliuliza Mtangulizi. "Mimi niko hapa."

"Ndiyo, mzee," alisema Ndaro polepole, akiangalia kioo cha juu. "Uko nyuma."

Bi Salha aliinamisha kichwa akingoja ghadhabu. Haikuja. Mtangulizi aligeuka huku na huku kwenye kiti chake kama mtu anayetafuta miwani, halafu akatazama kupitia kioo safu ndefu ya magari ambayo watu wake, kwa mara ya kwanza, hawakuwa wanamtazama yeye. Akalegeza tai.

"Kwa hiyo leo sina hotuba," alisema.

"Huna, Mtukufu," alisema Bi Salha.

Akaegemea kiti, akatoa pumzi ndefu iliyotia ukungu kioo chote.

Waliingia mjini kinyumenyume. Wananchi waliopangwa barabarani walikuwa wamelisikia tangazo, wakawa wamegeuka, wanapunga mikono kuelekea ukutani. Polisi wa barabarani alikuwa ameivaa kofia yake kisogoni. Kwenye mzunguko mkubwa, Kingwaba, ambaye alichotaka ni kuirudisha nyama kwenye barafu kabla haijaharibika, alikata kuelekea machinjioni. Serikali yote ikakata naye. Inasemekana waliapishana hukohuko kati ya ndoano, na kwamba Baraza la Mawaziri hukutana hapo mpaka leo, na wanaojua wanasema limepungua harufu.

Gari moja tu halikukata. "Tunakwenda wapi?" aliuliza Ndaro, maana hakukuwa na king'ora cha kumwambia.

"Kwenye pilau," alisema Mtangulizi.

*

Nyumbani kwa kaka yake Bi Salha, sheikh alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha wanawake. Alikuwa ameuliza mara moja, na wanawake waliokuwa ndani wakajibu kwa vigelegele. Akauliza mara ya pili, wakamwambia bibi harusi anavaa. Faki alikuwa kwenye mkeka barazani, magoti pamoja, anatazama mikono yake. Redio ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha.

"Nauliza kwa mara ya tatu," alisema sheikh kwa upole, "na kusema kweli natamani nijibiwe."

Nyuma ya nyumba gari lilisikika likija kinyumenyume kwa kasi, likakanyaga sufuria tupu, likazimika. Bi Salha aliruka, viatu mkononi, akapita kati ya majiko, akapita juu ya bakuli la kachumbari, akaingia kwa mlango wa uani, ambao kwa tangazo la siku ile ndio uliokuwa wa mbele. Aliufikia mlango aliosimama sheikh akaegemea kwa ndani, na kwa muda pumzi ilimkataa. Mwanamke aliyekuwa amesemea serikali nzima mchana huo alifungua kinywa akakosa sauti.

"Bi Salha?" aliita sheikh.

"Nimeridhia," akasema. "Nimeridhia, sheikh. Na aliyeko huko kwenye mkeka asisogee."

Kule barazani Faki akaanza kucheka kabla Bi Salha hajamaliza kusema.

Wakafungishwa ndoa. Baadaye, amevishwa shela na kukalishwa dirishani, Bi Salha alichungulia uani kulikokuwa kunapakuliwa chakula. Mtangulizi alikuwa amesimama katikati ya watu, tai mfukoni, anangoja kuonyeshwa kiti chake. Bila msafara hakuna aliyemtambua. Kaka yake Bi Salha alimpita na ndoo ya maji, akamwambia, "Shikamoo, mzee, jisogeze kidogo." Mtangulizi akajisogeza. Akainua macho dirishani. Mkono wa Bi Salha, kwa mazoea, ulianza kunyanyuka ili umwite mtu ampangie. Faki, aliyekuwa ameketi kando yake, akaushika, akaanza kuyatazama maua ya hina, na mkono ukatulia hapo.

Mtangulizi akabaki peke yake kidogo. Kisha akaokota sahani, akaenda akasimama nyuma ya shangazi mmoja mnene aliyekuwa kwenye foleni ya pilau.

"Samahani, mama," alisema. "Mtu anajuaje kama zamu yake imefika?"

Shangazi akageuka, akamtazama toka juu hadi chini. "Unamwangalia aliye mbele yako, baba. Akitoka, unasogea."

"Na aliye nyuma yangu?"

"Huyo anakuangalia wewe. Usichelewe."

Shangazi akapakuliwa, akaondoka. Mtangulizi akaishika sahani yake kwa mikono miwili, akasogea.